Nani alijitolea? Walimu wageni kwetu, na walimu wetu ugenini



Kwenye mikutano yetu kuna neno moja linasemwa kila mara, na kila mtu analisema na maana yake: kujitolea. Mwalimu wa zamani wa Lugufu anasema, "Mimi nilijitolea." Kijana anayefundisha leo upande wa Salamabila bila kulipwa anasema vile vile. Na wazee waliosoma sekondari wakati wa Zaire wanamkumbuka Mmarekani mwenye kinga na kofia ya majani, nao wanamwita "volonteri". Watu watatu, neno moja. Komite iliniomba niandike kidogo juu ya historia hiyo, kwa sababu kuna vijana wetu wanaotaka kwenda kufundisha mbali na kwao, na kuna wengine wanauliza kama miaka ya kambini ilikuwa kazi ao ilikuwa kupitisha wakati tu. Nitaandika ninavyojua, na pale nina maoni yangu nitayasema wazi.

Mwalimu mgeni wa kwanza katika nchi hii hakuwa Mzungu. Alikuwa mtu wa pwani, ao mtoto wa mtu wa pwani, aliyefika na msafara kutoka Unguja kupitia Tabora na Ujiji, akavuka ziwa Tanganyika, akapita hapa Kabambare, akafika Kasongo na Nyangwe. Ilikuwa wakati wa Hamed bin Muhammad, yule tunayemwita Tippu Tip. Tusiipambe ile biashara: ilikuwa ya pembe na ya watu, na kuna familia hapa ambazo mpaka leo hazipendi jina lake litajwe mezani. Lakini nyuma ya wafanyabiashara alikuja pia mwalimu wa chuo, na ubao wake wa mbao na wino wake, akafundisha watoto herufi za Kiarabu chini ya baraza. Hakujitolea, alifuata wenzake. Lakini angalieni namna alivyokaa. Alioa hapa, alilima mpunga hapa, alizikwa hapa. Mchele unaofanya Kasongo ijulikane uliletwa na watu hao. Na lugha ninayoandika sasa, ile Wabelgiji waliita Kingwana, ilikuja na wao, halafu sisi wenyewe tukaipika upya katika chungu chetu.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dhanis waliingia Kasongo, na nchi ikabadilisha mabwana. Shule ikawa kazi ya misheni. Kwa Waislamu wa Maniema hii ilikuwa tatizo kubwa, na lilidumu: mzazi aliogopa kumpeleka mtoto shule ya mapadri, arudi na jina jingine. Wengi wakabaki na chuo peke yake, na chuo hakikutoa cheti kinachojulikana na serikali. Dini yenyewe ilingoja mpaka 1972 ndipo jumuiya ya Kiislamu ikatambuliwa rasmi kwa nchi nzima. Shule za serikali zisizo za dini Wabelgiji walianza kuzifungua kwa Waafrika 1954 tu, miaka sita kabla hawajaondoka.

Na ndani ya shule za misheni, nani alifundisha kijijini? Padri alipita mara moja moja. Aliyebaki na watoto kila asubuhi alikuwa katekista, Mwafrika, mara nyingi ametumwa kijiji kisicho chake, ana kitabu kimoja na kengele. Alipewa kitambaa, chumvi, pesa kidogo, na shamba alime mwenyewe. Hakuna mtu aliyemwita volonteri. Ninamtaja hapa kwa sababu tutakutana naye tena katika historia hii, na jina jingine.

Sasa tuje kwa 1960. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni. Siku tano baadaye jeshi liliasi, na Wabelgiji wakakimbia kwa maelfu: madaktari, mahakimu, walimu wa sekondari. Nchi kubwa namna hii ilikuwa na watu waliomaliza chuo kikuu wachache mno. Hesabu inayotajwa mara nyingi haifiki hata 30. Shule za msingi zilikuwa nyingi kuliko katika makoloni mengi, na walimu wake walikuwa watu wetu, hivyo ziliendelea kutembea. Lakini sekondari zilikuwa kama nyumba iliyotolewa paa. Ndiyo sababu Umoja wa Mataifa, kwa njia ya UNESCO, ulianza kutafuta walimu wanaojua Kifaransa popote duniani. Wakapatikana mahali ambapo babu zetu hawakuwahi kufikiri: Haiti.

Kule Haiti François Duvalier alikuwa ametawala tangu 1957, na mtu mwenye diploma na mdomo alikuwa na sababu nzuri ya kupanda ndege. Kwa mamia walikuja Kongo, wanaume na wanawake, walimu, madaktari, mainjinia. Mtengenezaji wa filamu Raoul Peck, anayejulikana leo duniani, alifika Léopoldville akiwa mtoto wa miaka minane kwa sababu baba yake alikuja kufanya kazi kwetu; baadaye alitengeneza filamu mbili juu ya Lumumba. Mwaka 1961, kwa msaada wa UNESCO, kukafunguliwa Léopoldville taasisi ya kitaifa ya kuwafundisha walimu wa sekondari, ili wageni wasikae milele.

Mwalimu wa Haiti alikuwa kitu kipya kwa wazazi. Uso ni wetu, ngozi ni yetu, lakini hajui Kiswahili, hajui Kilingala, na bugali wa muhogo anauangalia kama mtihani. Anasalimiwa kwa lugha, anajibu kwa Kifaransa, mama anacheka, anafikiri anajivuna. Kumbe si majivuno, ni ugeni tu. Na alikuwa na kontrati na mshahara unaolipwa vizuri kuliko wa Mkongomani anayefundisha darasa la jirani. Hiyo nayo ilileta maneno. Wengi walikaa mijini. Lakini walishika sekondari za nchi katika miaka mibaya, na watu waliokuja kuwa maprefe na maenspekta wa Zaire walipitia mikono yao. Ninaona tumewasahau haraka mno.

Upande wetu miaka hiyo haikumruhusu mgeni kukaa. Mwezi wa Novemba 1961 marubani na wafanyakazi wa ndege 13 wa Italia, waliokuwa kazini kwa Umoja wa Mataifa, waliuawa Kindu, na jina la Kindu likawa la kuogopwa katika Ulaya nzima. Halafu 1964 ikaja vita ya Simba. Ilianzia Uvira na Fizi, Julai ikawa Kindu, Agosti ikawa Stanleyville. Kasongo na Kabambare zilikuwa katikati. Katika ile vita mtu mwenye koti, kalamu mfukoni na Kifaransa kinywani alihesabiwa adui. Makarani na walimu waliuawa, na wale walioponea walitupa vitabu porini. Shule nyingi za vijijini hazikufunguliwa miaka miwili, mitatu. Wazee wanaosema "sikumaliza darasa la nne juu ya Mulele na Soumialot" hawasingizii.

Kuna jambo dogo ningependa kulitaja kwa kupita. Mwaka 1965 zaidi ya Wakuba mia moja walivuka kutoka Kigoma kuja milima ya Fizi kumsaidia Kabila. Mkubwa wao, Che Guevara, alichukua jina la Kiswahili, Tatu. Wasaidizi wake walikuwa Moja na Mbili. Kati ya mapigano, ambayo kwa kweli hayakuwaendea vizuri, walifanya masomo kambini: hesabu, Kifaransa, na Che mwenyewe akajifunza Kiswahili kwa kijana Mkongomani, Freddy Ilanga, ambaye baadaye alikwenda Kuba na kuwa daktari. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule waliondoka usiku kwa mashua. Miezi saba. Mgeni anayekuja na mpango wake tayari kichwani anakaa miezi saba.

Sasa Wamarekani. Rais Kennedy aliunda Peace Corps tarehe 1 Machi 1961. Kifaransa chake Corps de la Paix, na kwetu wengi walisema tu "watu wa Kordelape". Ghana na Tanganyika zilikuwa kati ya nchi za kwanza kabisa. Kwetu walifika 1970, wakati Mobutu alikuwa na nguvu na shaba ilikuwa na bei, wakakaa mpaka 1991. Miaka 21. Walifundisha Kiingereza, hesabu na sayansi katika sekondari, wengine walichimba mabwawa ya samaki pamoja na wakulima. Kazi ilikuwa ya miaka miwili, na kabla ya kutumwa walifunzwa karibu miezi mitatu: Kifaransa kwanza, halafu lugha ya mahali. Kwa miaka kadhaa mafunzo hayo yalifanyika Bukavu, kwa hiyo Kiswahili cha wengi wao kilikuwa cha mashariki, kama chetu.

Kukaa kwao ndiko kunanivuta zaidi kuliko kufundisha kwao. Fikiri kijana wa miaka 23, ametoka chuo kikuu Ohio ao Texas, ameshushwa na lori mbele ya nyumba ya tofali yenye paa ya mabati, kilometa mia kutoka kwa Mmarekani mwenzake. Prefe anampa funguo na kumwambia karibu. Usiku unaingia saa kumi na mbili na nusu, hakuna umeme. Nje kuna watoto ishirini wanachungulia dirishani. Anataka kuwa peke yake. Kwetu mtu anayetaka kuwa peke yake ni mgonjwa ao ni mchawi. Anafunga mlango, watu wanauliza amekosewa nini. Anapika mwenyewe, wamama wanahuzunika. Anaosha nguo yake mwenyewe mtoni, wanafunzi wanapata haya kwa niaba yake. Anatembea kwa mguu ao kwa kinga na kila mtu anasema, huyu Muzungu gani hana gari?

Barua kutoka kwao ilichukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Malaria ilimkuta hata akimeza dawa yake. Na pesa: alipewa posho ya kuishi kama watu wa mahali, si mshahara wa Marekani, na ile posho ilikuwa ya zaire, zaire ambayo ilianguka kila mwaka. Desemba 1979 serikali ilifuta noti za zaire 5 na 10 ghafla, na kutoa siku chache tu za kubadilisha. Katika mji kulikuwa na benki na msongamano. Katika pori hapakuwa na benki; pesa ya mkulima, ya mwalimu, ya mama wa soko ikawa karatasi ya kuwashia moto. Siku ile mgeni na mwenyeji walikuwa sawa, ingawa mgeni alijua kwamba ofisi yake Kinshasa haitamwacha afe njaa.

Waliokaa vizuri walikuwa akina nani? Wazee wakisimulia, sifa zinazorudi ni zile zile. Si yule aliyejua sana masomo. Ni yule aliyekubali kupewa jina. Ni yule aliyekwenda kwenye kilio, akakaa chini na wanaume wengine usiku, bila kuuliza kitamalizika saa ngapi. Ni yule aliyekula sombe kwa mkono na akapewa mama wa kumkaripia. Mgeni asiye na mtu wa kumkaripia bado ni mgeni. Na ni yule aliyejua Kiswahili cha kutosha cha kufanya mzaha, kwa sababu Kifaransa kilikuwa lugha ya ofisi, na hakuna anayefanya urafiki na ofisi.

Ile miaka ya Authenticité ilikuwa na vichekesho vyake pia. Toka 1972 Mkongomani alitupa jina la Kikristo na tai, akavaa abakosti. Volonteri akaja na jina lake la Biblia, John, Mary, akafundisha darasa ambamo hakuna hata mtoto mmoja anayeruhusiwa kuitwa Jean ao Marie. Mwisho wa 1974 serikali ilichukua shule zote za dini. Hazikwenda vizuri, na Februari 1977 zikarudishwa kwa makanisa kwa mkataba, ndiyo maana mpaka leo tunasema "konvasyone". Mgeni aliyekuja katikati ya miaka hiyo angeweza kusaini kontrati na mkubwa mmoja na kuondoka akiagwa na mwingine.

Lakini tusimame hapa tuseme ukweli mmoja. Volonteri wa Marekani alikuwa na tikiti ya kurudi. Alipougua sana, ndege ilimchukua. Tarehe 23 Septemba 1991 askari walianza kupora Kinshasa, na ndani ya siku chache Peace Corps ikaondoa watu wake wote. Mpango wa Zaire ukafungwa. Wengine waliondoka bila kuaga darasa, na mitihani ya wanafunzi wao kwenye sanduku. Siwalaumu. Ninasema tu kwamba wiki ile ile, mwalimu Mkongomani wa shule ile ile alibaki na wanafunzi wale wale. Mshahara wake ulikuwa umekwisha kufa kabla. Kutoka 1992 na 1993, baada ya migomo mirefu, wazazi ndio walianza kumlipa, ile tunaita "prime": kopo la mchele, kuku, franka kidogo. Prime ilisemwa ni ya muda. Ilidumu zaidi ya miaka ishirini na tano.

Sasa sisi wenyewe.

Vita ya 1996 ilipoanza, watu wa Fizi, wa Uvira, na wengi wetu wa Kabambare tulishuka ziwani na kuvuka kwenda Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa Novemba 1996 katika wilaya ya Kasulu, Lugufu 1997. Wengine walirudi 1997 baada ya Mobutu kuanguka, meli ya zamani Liemba ikiwarudisha, halafu 2 Agosti 1998 vita ya pili ikawasukuma tena. Kuna familia zilizovuka ziwa mara tatu na masufuria yale yale.

Tanzania ilikuwa na sheria yake: shule za wakimbizi zifuate programu ya nchi walikotoka, kwa sababu siku moja watarudi. Kwa hiyo katikati ya pori la Kigoma, ambako wakati ule jirani Mtanzania alikuwa anasoma miaka saba kwa Kiswahili, watoto wetu walisoma miaka sita ya msingi kwa Kifaransa, na wakimbizi wenyewe ndio walifundisha. Sheria haikumruhusu mkimbizi kulipwa kama mfanyakazi. Alipewa kitu kinachoitwa motisha, shilingi chache kwa mwezi, na posho ya chakula kama kila mtu: unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Kwenye karatasi alikuwa "mwalimu wa kujitolea".

Nilifundisha Lugufu, kwa hiyo hapa ninasema nilichoona. Shule ilianza chini ya miti, halafu shitingi, halafu tofali tulizofyatua sisi na wazazi. Darasa la watoto mia halikuwa ajabu. Kitabu kimoja cha mwalimu kilikatwa vipande vitatu ili walimu watatu watayarishe masomo usiku mmoja. Ubao ulikuwa mbao zilizopakwa masizi. Hakuna aliyetuletea mfumo; tulikumbuka programu kwa kichwa, mmoja anakumbuka jiografia ya darasa la tano, mwingine sarufi, tunaandika, tunakopesha.

Na sisi tulikuwa wageni. Watu wanafikiri Kiswahili kilitusaidia, na ni kweli, lakini si kama mnavyofikiri. Sisi tunasema kaye, wao daftari. Sisi biki, wao kalamu. Sisi tablo na kre, wao ubao na chaki. Sombe kule ni kisamvu, lengalenga ni mchicha. Sisi tukasema PAM na HCR, wao WFP na UNHCR, hata njaa yetu ilikuwa na herufi tofauti. Sokoni ukifungua mdomo tu, muuzaji anajua: "Wewe ni Mkongomani." Wakati mwingine ni mzaha, wakati mwingine bei inapanda. Kutoka nje ya kambi ilihitaji kibali, na aliyekamatwa bila kibali alilala ndani. Mwalimu aliyetaka kununua chaki Kasulu alihesabu siku.

Lakini Watanzania wa vijijini walikuwa wanajua habari ya mwalimu wa kutumwa kuliko tulivyodhani. Nchi yao nayo ilipokea walimu kutoka nje. 1961 vijana wa Marekani na Uingereza walipitia Makerere ili wagawanywe katika sekondari za Afrika Mashariki. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walipoandamana kukataa kulazimishwa jeshi la kujenga taifa, Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu 400, na akapunguza mshahara wake mwenyewe. Na walipoamua, pale Musoma 1974, kwamba watoto wote wa nchi wasome, walimu hawakutosha. Wakachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakawafunza kijijini huku wanafundisha. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani, mwenyewe mwalimu wa UPE, alikuwa akija siku ya soko kutazama darasa letu. Alisimama mlangoni, akasikiliza Kifaransa asichokijua, akasema, "Mwalimu, hawa wanakusikia." Hakuna enspekta aliyewahi kunisifu vizuri kuliko hapo.

Kwa chakula tuliteseka kwanza. Mtu wa Maniema bila mchele na bila bugali wa muhogo ni kama hajala. Unga wa mahindi wa msaada uliuzwa kidogo ili kununua muhogo. Wakubwa wa kambi walisema tunauza msaada, sisi tulisema tunabadilisha. Wamama walipata vipande vya ardhi kwa wenyeji, kwa kulipa sehemu ya mavuno, wakalima. Urafiki wa kweli na wenyeji ulianzia kwenye yale mashamba, haukuanzia kwenye ofisi. Na sifa zile nilizotaja za volonteri wa Marekani, jina, kilio, mtu wa kukukaripia, tulizijifunza upya upande wa pili. Aliyekwenda kuzika kijijini alipata shamba mwaka uliofuata.

Mkataba wa kurudi ulitiwa sahihi Januari 2005 kati ya Kongo, Tanzania na HCR, na Oktoba mwaka ule meli za kwanza zilitoka Kigoma kwenda Baraka. Lugufu ilifungwa 2009. Waliobaki walihamishiwa Nyarugusu, na wapo mpaka leo maelfu. Sisi wa Kabambare tulipanda kutoka Baraka kwa njia ya Fizi na Lulimba, mizigo kichwani mara barabara ilipokatika.

Na hapa ndipo kuna uchungu. Mwalimu alirudi na miaka kumi ya darasa, na karatasi yenye muhuri wa shirika ambalo limekwisha kufunga ofisi. Katika nchi yetu mwalimu anayehesabiwa ni mwenye namba ya matrikile na jina kwenye listi ya malipo. Asiyekuwa nayo anaitwa NU, "nouvelle unité", unité mpya, hata kama ana mvi. Wengine waliitwa NP, wasiolipwa. Angalau jina hilo halidanganyi. Miaka ya kambini haikuwa na kisanduku katika fomu yoyote. Septemba 2019 serikali ilitangaza shule ya msingi bure, prime ikafutwa katika msingi, na mzazi alifurahi, ana haki. Lakini NU aliyekuwa anaishi kwa ile prime akajikuta hana serikali na hana mzazi. Baadhi waliacha chaki wakaenda kuchimba dhahabu upande wa Namoya. Darasa walilolifundisha Lugufu chini ya shitingi lilikuwa na mwalimu. Darasa la Kabambare lenye mabati halina.

Kwa hiyo, maoni yangu. Mtu wa Haiti alikuwa mfanyakazi mwenye kontrati, na alifanya kazi kwa heshima. Mmarekani alikuwa kijana aliyetoa miaka miwili ya maisha yake na nyuma yake kuna nchi tajiri inayomngoja. Alijitolea, lakini kwa kipimo. Mwalimu wa kambi hakuchagua kuvuka ziwa, lakini alichagua kuingia darasani badala ya kukaa kwenye foleni ya maji, na hiyo ndiyo sehemu ninaita kujitolea. Yule NU wa leo, mimi simuiti volonteri. Anadaiwa. Tukimwita volonteri tunamsaidia mdeni wake asilipe. Kuna wanachama hawatakubaliana na mimi, hasa wale wanaosema neno "kujitolea" linampa mwalimu heshima kijijini. Waseme kwenye mkutano.

Kwa vijana wanaotaka kwenda kufundisha mbali: wengine wamepata nafasi Fizi, mmoja anataka kurudi Nyarugusu kufundisha. Kabla hamjauliza juu ya pesa, ulizeni mtalala kwa nani. Shule inayompokea mwalimu mgeni bila kumpa familia ya kumwangalia itampoteza kabla ya Pasaka, hata ikimlipa. Chama kinaweza kuandika barua kwa chifu na kwa komite ya wazazi. Hiyo haina gharama. Chukueni chandarua, taa ya jua, na kaye mbili za kuandika programu kwa mkono, kwa sababu simu inazima. Mwaka wa kwanza msibadilishe kitu. Nendeni kwenye vilio.

Kwa waliofundisha kambini: komite inataka kutengeneza listi moja, majina, shule, miaka, darasa, ili ipelekwe kwa enspeksyon ya Kabambare na nakala Kasongo. Cheti cha motisha, kitambulisho cha mwalimu, picha ya darasa yenye tarehe, buletini yenye sahihi yako, vyote vinafaa. Asiye na karatasi alete wanafunzi wake wawili waliokwisha kuwa watu wazima. Watashuhudia kwa maandishi. Msitoe orijinali, leteni kopi tu kwa katibu, na muilete kabla mvua haijafunga barabara ya Lulimba.